Siri ya Mtoto ni Amana ya Nani?

“Mwalimu, nitakuambia, lakini usimwambie baba.”

Maneno haya husemwa mara nyingi katika shule zetu, na kila yasemwapo huweka mzigo mzito mabegani mwa mtu mmoja. Ayasemaye pengine ni msichana wa kidato cha pili katika shule ya kata, mahali fulani kati ya Manyoni na Singida, mbali na barabara kuu. Ayasikiaye ni mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya malezi na ushauri. Nje upepo wa kiangazi wapeperusha vumbi uwanjani. Ndani mtoto ashika pindo la sketi yake na kungoja. Twawauliza wasomaji wetu, baba na mama wa watoto: mwalimu huyo amjibu nini?

Wako watakaosema bila kusita kwamba aahidi, maana asipoahidi mtoto hatasema, na asiposema hatasaidiwa. Wako pia watakaosema kwa ukali kwamba asiahidi kabisa, maana mtoto ana wenyewe, na mwalimu ni mtu wa kupita. Leo yuko Ikungi, mwakani amehamishiwa Kigoma. Sisi twaona ya kwamba kila upande una ukweli wake, na ya kwamba kila upande, ukiachwa peke yake, waweza kumpoteza mtoto.

Kwanza na tumtazame mwalimu mwenyewe, maana wazazi wengi hawajui kwamba yupo. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kutaka huduma ya ushauri na unasihi iwepo shuleni. Lakini waraka hauzai mtu. Katika shule nyingi za vijijini kazi hii amepewa mwalimu wa Kiswahili au wa Biolojia, mwenye vipindi vyake kamili na marundo ya madaftari ya kusahihisha, aliyefundishwa ushauri kwa semina ya siku chache, au asifundishwe kabisa. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004, na kuondolewa kwa ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, kumeleta darasani watoto ambao zamani wangebaki nyuma ya ng’ombe. Twashukuru kwa hilo. Lakini masikio ya kuwasikiliza hayakuongezeka kwa kadiri ya madawati. Chumba cha ushauri mara nyingi ni stoo ya vitabu, au kivuli cha mti ambapo kila apitaye huona nani analia. Tena ziko shule ambako mwalimu huyo huyo ndiye mwalimu wa nidhamu: asubuhi ashika fimbo, alasiri amwambia mtoto afungue moyo wake. Sisi hatuamini kwamba mkono mmoja waweza kazi hizo mbili.

Sasa turudi kwenye siri. Walimu wa maadili katika Kanisa tangu zamani wametambua kwamba siri si za namna moja. Iko siri ambayo hali yake yenyewe yataka ifichwe, maana kuitoa ni kumwumiza jirani, hata kama hukuahidi neno. Iko siri uliyoijua kwanza, kisha ukaahidi kuitunza. Na iko siri uliyokabidhiwa ili upate kutoa shauri, kama ile anayokabidhiwa mganga au wakili; hii ya mwisho hufunga kwa nguvu kuliko zile mbili, maana pasipo hiyo hakuna mgonjwa atakayesema ugonjwa wake. Siri ya mwalimu mshauri ni ya jamaa hii. Juu ya zote iko siri ya kitubio, lakini hiyo haina mfano, na mwalimu asijivike joho lisilo lake. Padri hawezi kuitoa siri ya maungamo kwa sababu yoyote, wala kuitumia kwa hasara ya aliyeungama. Mwalimu si padri. Siri aliyokabidhiwa yaweza kumwachilia pale ambapo kuitunza kutaleta madhara makubwa kwa mtoto mwenyewe, au kwa mtu mwingine asiye na hatia.

Lakini baba naye ana hoja, wala hatutaki kumpita. Asema: “Mtoto huyu nimemzaa mimi. Akiugua namwuguza mimi, akifa namzika mimi. Iweje mgeni ajue la nyumbani kwangu ambalo mimi silijui?” Hoja hii si ya ujinga. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na shule ni msaidizi wao. Shule inayojifanya mzazi imepotea njia. Hata hivyo, haki ya mzazi haikutolewa kwa ajili ya mzazi, bali kwa ajili ya mtoto. Ni haki ya mtunzaji wa amana, wala si haki ya mwenye shamba juu ya shamba lake. Mtoto ana nafsi yake mbele ya Mungu, na kilichomo ndani ya nafsi hiyo ni chake kwanza. Baba ana haki ya kutaka kukijua; hana haki ya kukiiba.

Wazee wetu hawakukosa kulijua jambo hili. Katika nyumba nyingi za Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, kama ilivyo kwa makabila mengine mengi ya nchi yetu, binti hakumwendea baba yake moja kwa moja kwa mambo ya aibu. Alimwendea bibi, au shangazi. Bibi alisikiliza, akakaa na neno lile siku mbili tatu, kisha akalipeleka panapohusika kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, wakati baba amekwisha kula na hasira imelala. Hakuna aliyesema kwamba bibi amempokonya mtu mtoto wake. Leo mtoto amepanga chumba karibu na shule, kilomita nyingi kutoka kwao, apika mwenyewe uji wake, na bibi yuko mbali. Mwalimu mshauri amejikuta ameketi katika kigoda cha bibi, pasipo umri wa bibi wala hekima yake yote. Ndiyo maana twasema: mwalimu ajifunze kwa bibi, naye baba amchukulie mwalimu kama alivyomchukulia bibi.

Mambo mengi yanayoletwa kwa mwalimu ni madogo, ingawa kwa mtoto si madogo: njaa ya saa sita, sare iliyochanika, haja za msichana kila mwezi anazoona haya kumtajia baba mjane. Hayo mama mkubwa mmoja mwenye busara huyamaliza kwa siku moja.

Lakini tuchukue jambo zito, linalojulikana Singida na katika mikoa ya jirani, nalo limesemwa hadharani na viongozi mara nyingi. Mtoto wa kike anakaribia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Nyumbani aambiwa, si kwa kelele bali kwa upole, mafiga yakiwaka: usijibu vizuri. Ukishinda utatutia gharama. Ukishindwa, yuko mama mmoja Dar es Salaam atafutaye msichana wa kazi. Au kuna wageni waliopita hapa na habari za ng’ombe. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasa aanza kuandika majibu ya ovyo kwa makusudi. Sera ya Elimu, katika toleo lake la 2023, yataka elimu ya lazima ya miaka 10, na utaratibu huo utakapowafikia watoto wote hila hii ya kushindwa mtihani itapoteza faida yake. Hatuna hakika kwamba tamaa iliyoizaa hila haitatafuta mlango mwingine.

Hapa mshauri mbaya ni mzazi mwenyewe. Mtoto amemwambia mwalimu, kisha akasema, “usimwambie baba.” Mwalimu akienda mbio kwa baba na maneno ya mtoto, mtoto atapigwa, na kabla ya Jumapili atakuwa ndani ya basi. Akinyamaza, mtihani utapita na mlango utafungwa. Afanyeje?

Sisi twaona kwamba hapa ndipo inapofaa kutofautisha kuitoa siri na kutenda kwa nuru ya siri. Mwalimu anaweza kutenda kwa alichokijua asikitamke. Na achukue madaftari ya mtoto, ya muhula uliopita na ya sasa, aende nyumbani jioni mifugo ikiwa imerudi. “Shikamoo baba. Nimekuja kwa habari ya hesabu za binti yako.” Amwonyeshe alama za zamani, kisha amwonyeshe za leo. Aulize kama mtoto ni mgonjwa. Halafu anyamaze, amwache baba aseme. Baba si mjinga. Ataelewa kwamba mwalimu ameelewa. Lakini hakuna neno la mtoto lililotajwa, wala heshima ya baba haikuvunjwa mbele ya mkewe na majirani, na mtu ambaye heshima yake haikuvunjwa aweza kubadili nia pasipo kukiri kwamba alikuwa nayo.

Pengine msomaji ataona kwamba huu ni ujanja. Hatudhani hivyo. Kuporomoka kwa alama ni kweli, na kutosema kweli yote si sawa na kusema uongo. Jambo gumu ni pale baba atakapouliza waziwazi: “Ni yeye aliyekuambia?” Mwalimu asidanganye. Lakini kama tangu mwanzo ana desturi ya kuwaambia wazazi wote, katika kila jambo, dogo na kubwa, “Yale watoto wanayonieleza siyasemi ila mtoto mwenyewe akiwapo na kukubali,” basi jibu hilo halitamfichua mtoto huyu. Anayenyamaza siku moja tu, kunyamaza kwake kumesema.

Tena mwalimu aende kusikia, si kuhukumu. Singida ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Ikikosa mwaka huu, hakuna vuli ya kuokoa. Mzee huyu amelima mtama, uwele na alizeti. Na bei ya alizeti, aliyoitegemea, mwaka 2023 ilianguka vibaya. Ada imeondolewa, ni kweli, lakini sare, madaftari, chakula cha mchana na kodi ya chumba havikuondolewa. Wavulana wake wawili pengine wamekwisha kimbilia machimbo madogo ya dhahabu ya Iramba au Ikungi, na hawatumi kitu. Akimtazama binti aona fedha au ng’ombe wa kuwaokoa wadogo zake. Amekosa, na kosa lake ni kubwa, lakini si mnyama. Ziara moja ya mwalimu yaweza kugundua kwamba ugomvi wote ni juu ya kodi ya chumba, na kwamba katika jumuiya ndogo ndogo iliyo karibu na shule iko familia yenye kitanda kisicho na mtu.

Liko jambo zito zaidi. Msichana ana mimba. Mpaka Novemba 2021, msichana wa shule ya serikali aliyepata mimba alipoteza masomo yake, na mwalimu aliyeijua siri hiyo alikuwa katika mtego: kumwambia mkubwa wa shule kulikuwa sawa na kumfukuza mtoto. Wengi walinyamaza, na twaona vigumu kuwalaumu. Tangu serikali iliporuhusu wasichana hao kurudi shuleni baada ya kujifungua, sababu hiyo ya kunyamaza imeondoka. Lakini imebaki nyingine. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yaweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba. Basi familia mbili hukutana usiku. Ng’ombe huhama zizi. Binti hufundishwa kusema mbele ya hakimu kwamba mwanamume alikuwa msafiri asiyemjua jina. Na mwalimu alijua jina tangu mwezi wa tatu.

Hapa hatuwezi kusema kama tulivyosema juu ya mtihani. Aliyemharibu mtoto akilindwa kwa ng’ombe, kesho atamharibu mwingine, na huyo mwingine ndiye yule mtu asiye na hatia ambaye kwa ajili yake siri haifungi tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yamtaka kila mwenye habari ya haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa serikali ya mahali. Yuko afisa ustawi wa jamii, liko dawati la jinsia na watoto katika polisi, na iko simu ya bure namba 116. Mwalimu aseme. Lakini asiseme nyuma ya mtoto. Mtoto awe wa kwanza kujua kwamba neno litasemwa, litasemwa na nani, na nani atakaa pamoja naye siku hiyo. Na wazazi wasisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari mlangoni.

Twajua ugumu uliopo. Mara nyingine aliyempa mimba ni kijana wa miaka 17, wa dawati la nyuma, na familia zote mbili hupiga magoti katika kanisa moja. Hatuna kanuni moja ya kufunga jambo hilo. Twasema tu kwamba kijana huyo naye ni mtoto mbele ya sheria, naye ahitaji mshauri, na kwamba mkutano wa wazazi wa pande zote mbili, mchana, mwalimu na afisa ustawi wakiwapo, haufanani hata kidogo na ule mkutano wa usiku.

Na kuna lile ambalo mtoto huleta kwa habari ya mwingine. Katika sehemu za Singida na Dodoma, tangu sheria ya mwaka 1998 ilipokataza ukeketaji wa wasichana, wako waliouhamishia kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu ugonjwa waliouita lawalawa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa mkoa wa Singida, 31 walikuwa wamekeketwa, hali taifa zima lilikuwa na 10. Dada wa darasa la sita akimwambia mwalimu kwamba mdogo wake aliyezaliwa juzi anangojewa na bibi mwenye wembe, siri hiyo si ya dada hata aweze kuifunga. Mwenye siri ni mtoto mchanga, naye hawezi kusema. Mwalimu asingoje jioni. (Wasomaji wataona kwamba bibi tuliyemsifu hapo juu, hapa ameshika wembe. Ndivyo ilivyo, kigoda hakimtakasi akikaliaye.)

Basi twarudi kwa yule msichana angojaye jibu. Kosa kubwa la washauri wengi wema hufanyika hapo hapo, katika nukta ile ya kwanza, kabla jambo halijasemwa: “Usiogope, sitamwambia mtu yeyote.” Ni neno la huruma, na ni ahadi ambayo hana ruhusa ya kuitoa, maana hajui bado anaahidi kuficha nini. Akija kuivunja, na pengine atalazimika, mtoto atajifunza kwamba watu wazima hudanganya hata wanapokupenda. Afadhali mtoto anyamaze siku ile na kurudi juma lijalo, kuliko aseme kwa ahadi ya uongo.

Kuna kosa jingine, la aibu zaidi, nalo ni la ofisi ya walimu. Neno la mtoto husimuliwa wakati wa chai, kwa kucheka au kwa kusikitika, ni mamoja. Na kabla ya jua kutua limefika kisimani. Shule ambayo hayo yametokea mara moja itakaa miaka bila mtoto yeyote kugonga mlango wa mshauri, na mkubwa wa shule ataandika katika taarifa yake kwamba wanafunzi hawana matatizo.

Nanyi wazazi, mwaitwa shuleni lini? Kwa michango, na kwa fimbo. Barua ya shule ikifika, mama ashika kifua. Ndiyo maana twaupenda ule ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, uliotiliwa nguvu na mpango wa Shule Bora ambao Singida ni mmoja wa mikoa yake: palipo na watu wake wenye bidii, mzazi aweza kufika shuleni siku ambayo hakuna kosa wala deni, akamjua mwalimu mshauri kwa uso. Baba aliyekwisha kunywa maji na mwalimu hatamwona mwizi siku mwalimu atakapokuja na madaftari. Na kama mtoto wako amemwambia mwalimu asilokuambia wewe, usimwulize kwanza mwalimu kwa nini alisikiliza. Jiulize ni lini mtoto alikuletea jambo la aibu mara ya mwisho, na ulimjibu nini.

Mwalimu wetu, basi, na aweke kalamu mezani na kusema polepole: “Mwanangu, sitalipeleka neno lako popote bila wewe kujua. Lakini likiwa ni jambo la kukuumiza wewe au mwingine, tutatafuta pamoja mtu wa kumwambia, nami nitakuwa kando yako.” Kisha amwache afikiri. Mtoto akikubali na kusema, mwalimu asikilize mpaka mwisho asimkatize, na akisha kusikia, amwulize swali moja: “Nyumbani kwenu, ni nani aweza kulisikia hili kwanza?”

Mtoto atatazama dirishani kwa kitambo. Kisha atataja jina.